Jinsi ya Kuchunguza Simulizi za Mizuka ya Gettysburg

Mji wa Gettysburg, Pennsylvania, ulikuwa na wakazi wapatao 2,400 majeshi ya Kaskazini na Kusini yalipokutana hapo tarehe 1 Julai 1863, katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Mapigano yalipokwisha jioni ya tarehe 3, watu wapatao 51,000 kutoka pande zote mbili walikuwa wameuawa, wamejeruhiwa, wametekwa au hawajulikani walipo. Wafu walizikwa palepale walipoanguka, wengi kwa kufukiwa udongo kidogo tu. Majeruhi walilazwa makanisani, shuleni, kwenye maghala ya nafaka na kwenye vyumba vya watu. Ndiyo maana leo karibu kila jabali, kila ghala na kila nyumba ya zamani hapo inasemekana ina mzuka wake.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuzipima simulizi hizo kwa makini: ajue ipi ina mizizi ya mwaka 1863 na ipi imezaliwa juzi, na akifika uwanjani ajue anatazama nini. Si lazima uamini mizuka, wala si lazima uikane. Kinachotakiwa ni kuanza na nyaraka, kisha uwanja. Wengi huanza na uwanja usiku, halafu hurudi na picha na sauti wasizoweza kuzieleza kwa sababu hawajui mahali waliposimama palitokea nini.

Chukua simulizi moja tu

Usianze na kumi. Chagua moja, iandike kama ulivyoisikia bila kuipamba, kisha itoe madai yanayoweza kupimwa. Nani anaonekana? Ni wa jeshi lipi, na ikiwezekana rejimenti ipi? Tukio gani la 1863 linadaiwa kumfunga pale? Mahali penyewe ni wapi hasa, kwa kipimo cha hatua na si kwa jina la kilima tu? Na swali linalosahaulika kuliko yote: nani wa kwanza kuisimulia, mwaka gani?

Kosa la kawaida hapa ni kuunganisha simulizi mbili ziwe moja. Mwanamke mwenye nguo nyeupe wa Spangler's Spring ni habari moja. Habari ya askari wa pande mbili kusimamisha vita usiku ili wachote maji pamoja kwenye chemchemi hiyohiyo ni nyingine, na hii ya pili wanahistoria wanaitilia shaka sana. Ukizichanganya hutaweza kupima hata moja.

Tafuta umri wa simulizi

Mashahidi walikuwa na mwisho wao. Wazee wa vita walikusanyika Gettysburg kwa wingi mwaka 1913, miaka 50 baada ya vita, zaidi ya 50,000 kati yao, na wakakusanyika tena mara ya mwisho mwaka 1938 wakiwa wamebaki wachache. Kwa hiyo simulizi inayodai kutoka kinywani mwa askari inapaswa kuwa na alama yake mahali fulani kabla ya miaka ya 1940: barua, shajara, gazeti, hotuba, au historia ya rejimenti. Kama maandishi ya kwanza kabisa unayoyapata ni ya miaka ya 1990, wakati matembezi ya mizuka mjini yalipokuwa biashara kubwa, andika hivyo. Haimaanishi kwamba aliyeona hakuona kitu. Maana yake ni kwamba sehemu ya 1863 ya simulizi hiyo bado haina mguu wa kusimamia.

Mahali pa kutafuta ni hapa. Ripoti za makamanda zilichapishwa na serikali ya Marekani katika mkusanyo rasmi wa juzuu 128, na za Gettysburg ziko katika Mfululizo wa I, juzuu ya 27, yenye sehemu tatu. Ripoti za jeshi la Kusini utazikuta sehemu ya 2. Zote zinasomeka bure kwenye intaneti. Magazeti ya mji, kama Compiler na Adams Sentinel, yalieleza miezi ya baada ya vita kwa undani. Maktaba ya Bunge la Marekani ina picha za vioo zilizopigwa siku chache baada ya mapigano, na zinaweza kupakuliwa zikiwa kubwa kiasi cha kuonyesha nyufa za mawe. Chama cha Historia cha Kaunti ya Adams, kilichopo Gettysburg kwenyewe, kinahifadhi nyaraka za familia na mashamba. Wakulima nao walidai fidia kwa uzio uliochomwa, ng'ombe waliochinjwa na mazao yaliyokanyagwa, na madai hayo ni hazina kwa sababu yanataja shamba kwa shamba.

Kwa makaburi, tafuta ramani ya S. G. Elliott ya mwaka 1864. Inaonyesha maelfu ya makaburi ya muda na hata farasi waliokufa. Isomwe kwa tahadhari, maana ina mapengo na makosa, lakini inakuonyesha upesi kama mahali pa simulizi palikuwa na maiti kabisa. Kwa sura ya ardhi tumia ramani ya wahandisi wa jeshi iliyopimwa mwaka 1868 na 1869. Miti imeota na kukatwa mara nyingi tangu vita, na hifadhi ya uwanja huo wa vita yenyewe imefyeka misitu kadhaa ili kurudisha mwonekano wa 1863. Simulizi inayosema mzuka alijitokeza katika msitu wa kale inaweza kuwa inahusu mahali palipokuwa shamba la ngano.

Mfano wa simulizi iliyosimama: mashimo ya Iverson

Alasiri ya tarehe 1 Julai, Alfred Iverson, jenerali wa Kusini, alituma mbele brigedi yake ya North Carolina, rejimenti nne, kupitia shamba la Forney lililoko kaskazini magharibi mwa mji. Yeye alibaki nyuma. Hawakutanguliza wapelelezi. Nyuma ya ukuta wa mawe walikuwa wamelala askari wa Kaskazini wa Henry Baxter, wasioonekana, na walipoinuka walifyatua risasi kwa pamoja. Ripoti ya Iverson mwenyewe inasema watu wake wapatao 500 walilala, waliokufa na waliojeruhiwa, katika mstari ulionyooka kama wa gwaride. Walifukiwa palepale katika mashimo ya kina kifupi.

Simulizi inasema vibarua wa shamba hilo walikataa kufanya kazi hapo baada ya jua kuzama, na kwamba majani juu ya mashimo yaliota mabichi na marefu kuliko kwingine. Ipime. Mahali panajulikana. Tukio lina ripoti. Habari ya vibarua ni ya zamani, ilisimuliwa wakati wazee wa vita bado wako hai. Habari ya majani ina sababu ya kimaumbile, kwani miili mingi ikioza karibu na uso wa udongo huongeza naitrojeni. Halafu kuna jambo ambalo wasimulizi wengi huliacha: kati ya 1871 na 1873 Rufus Weaver alifukua mabaki zaidi ya 3,000 ya askari wa Kusini kutoka uwanja mzima na kuyapeleka Kusini, wengi wao kwenye makaburi ya Hollywood Cemetery, mjini Richmond. Anayesema leo kwamba mashimo ya Iverson "yamejaa" anasimulia hali ya kabla ya miaka hiyo.

Hii ndiyo simulizi tunayomshauri kila anayeanza aanze nayo. Nyaraka zake zinapatikana, uwanja uko wazi, na ukuta wa mawe wa upande wa tuta la Oak Ridge unakuwezesha kusimama pale Baxter alipowaficha watu wake uone kwa macho yako kwa nini watu wa North Carolina hawakuona kitu.

Devil's Den na kamera zinazogoma

Devil's Den ni rundo la majabali makubwa ya mwamba wa diabesi chini ya kilima cha Little Round Top. Tarehe 2 Julai watu wa Texas, Georgia na Alabama walipigania hapo. Simulizi mbili hutawala. Moja ni ya mtu asiye na viatu, mwenye kofia pana na nywele ndefu, anayemwambia mgeni kwamba anachotafuta kiko upande wa pili, huku akionyesha kijito cha Plum Run, kisha hayupo. Nyingine ni kwamba kamera hufa hapo kwa sababu marehemu amechukizwa na wapiga picha.

Hii ya pili ina tukio la kweli nyuma yake. Mpiga picha Alexander Gardner na wasaidizi wake, Timothy O'Sullivan na James Gibson, walifika uwanjani tarehe 5 Julai hivi. Walipiga picha kadhaa za maiti ya kijana mmoja pale alipokuwa, kisha wakambeba hadi kwenye pengo la mawe lenye ukuta mdogo, wakamwekea bunduki, na kumwita mdunguaji wa Kusini. Mwanahistoria wa picha William Frassanito alilionyesha hilo mwaka 1975 kwa kulinganisha picha na majabali, jabali kwa jabali. Gardner aliongeza kwamba alirudi mwezi Novemba akakuta mifupa na bunduki vingali pale. Haiingii akilini: wazikaji na waokota kumbukumbu walikuwa wamepita uwanja wote tangu Julai.

Unaweza kuirudia kazi ya Frassanito kwa saa moja. Pakua picha zote za maiti hiyo kutoka Maktaba ya Bunge. Zichapishe kwenye karatasi, kila moja ukurasa wake. Uwanjani, chagua kwenye picha nyufa tatu za mawe zilizo katika umbali tofauti, moja mbele, moja katikati, moja nyuma. Sogea mpaka nyufa hizo zikae kwenye mpangilio uleule. Nyufa mbili hazitoshi, kwa sababu mbili zinaweza kulingana kutoka sehemu nyingi. Zikilingana tatu, miguu yako iko karibu kabisa na stendi ya kamera ya 1863. Fanya hivyo kwa mahali pa kwanza na mahali pa pili, kisha pima umbali kati yake.

Kuhusu kamera kugoma leo, angalia kwanza sababu nne. Usiku, fokasi ya moja kwa moja haipati kitu cha kushika kwenye mwamba wa kijivu usio na tofauti ya mwanga, kwa hiyo shata haifyatuki. Mchana, kivuli cha mawe na anga angavu hudanganya kipimo cha mwanga. Baridi hushusha nguvu ya betri za lithiamu, na betri iliyoonekana imekwisha huamka ikipashwa moto mfukoni. Sababu ya nne ni wingi wa watu: mahali panapopigwa picha nyingi kuliko karibu popote uwanjani lazima pawe na kamera nyingi zinazoharibika. Ili dai liwe na uzito, piga idadi ileile ya picha, mfano 50, kwa kamera ileile na betri ileile, hapo na mahali pengine penye mawe na mwanga kama huo, halafu linganisha zilizogoma.

Kwa yule mtu asiye na viatu, uliza tarehe. Waigizaji wa vita huja Gettysburg kwa wingi, hasa mwanzoni mwa Julai, wamevaa hadi vifungo vya kale, na wengine hutembea uwanjani peke yao. Simulizi isiyo na tarehe haiwezi kuwatoa hao.

Mfano wa simulizi iliyoyumba: daraja la Sachs

Daraja hili la mbao lenye paa linavuka Marsh Creek, nje ya uwanja mkuu. Lilijengwa miaka ya 1850 na majeshi yote mawili yalilipita. Mafuriko ya 1996 yaliling'oa, likarudishwa na kufunguliwa tena 1997. Inasemekana watoro watatu wa jeshi la Kusini walinyongwa kwenye mbao zake.

Mtoro katika majeshi yale alipelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi, na adhabu ya kifo kwa kawaida ilitekelezwa kwa risasi mbele ya wenzake ili iwe onyo. Kunyonga kulikuwa kwa majasusi na wahalifu. Jasusi mmoja wa Kusini alinyongwa karibu na Frederick, Maryland, siku chache baada ya vita hivi, na askari waliopita walimtaja kwenye barua na shajara zao. Watu watatu juu ya daraja walilopita maelfu wangeacha alama kubwa zaidi ya hiyo. Mpaka mtu alete hati, weka simulizi hii upande wa zisizothibitishwa. Ukungu mweupe unaoonekana kwenye picha za hapo unatoka kwenye kijito: chukua kipimajoto chenye kipimo cha unyevu, na utaona kwamba ukungu hutokea halijoto inaposhuka karibu na kiwango cha umande.

Zinazohitaji dakika chache tu

Jengo la Pennsylvania Hall la Gettysburg College lilikuwa hospitali, hilo ni kweli. Simulizi ya lifti inayoshuka hadi chini na mlango kufunguka kwenye chumba cha upasuaji cha 1863 huna jinsi ya kuipima, maana haiji na jina wala tarehe. Iandike, endelea.

Mzuka wa George Washington, anayesemekana kuonekana juu ya farasi akiwaongoza watu wa rejimenti ya 20 ya Maine usiku walipokuwa wakielekea Gettysburg, una jambo moja la kupima: mwezi. Ulikuwa mpevu tarehe 1 Julai 1863. Kwa hiyo mpanda farasi angeweza kuonekana umbo lake vizuri kwa mbalamwezi bila uso wake kutambulika, na maofisa waliopanda farasi walijaa barabara ile.

Jennie Wade anastahili heshima zaidi ya anayopewa. Alikuwa na miaka 20, ndiye raia pekee wa mji aliyeuawa moja kwa moja na risasi wakati wa mapigano, asubuhi ya tarehe 3 Julai, akikanda unga wa mkate katika nyumba ya dada yake, Baltimore Street. Risasi ilipita milango miwili. Nyumba ni makumbusho, na mabinti huambiwa wakiingiza kidole kwenye tundu la risasi wataposwa. Ukienda, simama jikoni uangalie milango hiyo miwili iko wapi, kisha utazame upande wa mji ambako wadunguaji wa Kusini walikuwa. Mwelekeo wa risasi utakufundisha zaidi ya tundu.

Usiku wenyewe

Kutoka Washington ni mwendo wa gari wa karibu saa mbili; wanaoishi Baltimore au Lancaster wako karibu zaidi. Barabara za hifadhi hufunguliwa na kufungwa kwa saa maalumu. Makaburi ya taifa hufungwa jua linapozama. Hakikisha saa hizo kwenye tovuti ya hifadhi kabla ya kuondoka, kwa sababu walinzi hutoza faini. Droni hairuhusiwi. Kutafuta vitu kwa kifaa cha kugundua chuma, au kuokota hata risasi moja, ni kosa la jinai la serikali kuu. Little Round Top kilifunguliwa tena mwaka 2024 baada ya ukarabati mrefu uliosababishwa na mmomonyoko, basi usitoke nje ya njia. Matembezi ya mizuka ya kulipia hufanyika mitaani mjini. Kwa uwanja wenyewe ajiri mwongozaji mwenye leseni. Utaratibu wa leseni ulianza 1915 na mitihani yake ni migumu.

Fika mchana kwanza. Tembea mahali pale, andika nguzo za umeme, barabara, nyumba zenye taa, mabomba. Usiku, beba tochi yenye mwanga mwekundu, stendi ya kamera, kinasa sauti, kipimajoto, betri za ziada mfukoni, na daftari. Vaa suruali ndefu iliyoingizwa kwenye soksi: kupe wa Pennsylvania hueneza ugonjwa wa Lyme, na majani marefu ya uwanjani ndiko wanakosubiri. Jikague mwili mzima ukirudi.

Zima flashi. Duara nyeupe zinazoitwa roho kwenye picha nyingi ni vumbi, matone au wadudu walio sentimita chache mbele ya lenzi, waliomulikwa na flashi iliyo jirani na lenzi hiyo. Ukitaka kujiridhisha, washa flashi, nyunyiza maji kidogo hewani kwa chupa ya kupulizia, piga picha, utapata duara zilezile. Kila picha ya usiku ipigwe mara tatu mfululizo kutoka kwenye stendi bila kuigusa. Kitu kilichopo kweli mahali kitabaki zaidi ya picha moja, mdudu hatabaki.

Kinasa sauti kina tabia ya kupandisha sauti chenyewe kukiwa kimya, na mngurumo huo sikio huugeuza kuwa maneno. Weka vinasa viwili, umbali wa mita 10, na useme kwa sauti kila mtu anapokohoa au kusogea. Sikilizisha watu wawili kila mmoja peke yake bila kuwaambia umesikia nini. Na uzisikilize kwanza nyumbani sauti za mbweha mwekundu na za bundi wadogo wa huko. Mbweha jike hulia usiku kama mwanamke anayepiga mayowe, na wengi wamekimbia kwa hilo. Vipimo vya sumakuumeme hupanda karibu na nyaya, na simu yako mfukoni inatosha kuvipandisha. Iweke kwenye gari.

Wasiokuwemo kwenye simulizi

Ukimaliza kuorodhesha mizuka ya Gettysburg utaona karibu wote ni askari weupe. Katika kampeni hiyohiyo jeshi la Kusini liliwakamata watu weusi wa Pennsylvania, wakiwemo waliozaliwa huru, na kuwapeleka utumwani. Abraham Brian, mkulima mweusi, alikuwa na shamba kwenye tuta la Cemetery Ridge, katikati kabisa ya mapigano, na familia yake ilikuwa imekimbia. Baada ya vita, Basil Biggs, mkulima mweusi, aliongoza vibarua weusi waliofukua maiti za askari wa Kaskazini kutoka mashambani ili zizikwe kwa heshima kwenye makaburi mapya ya taifa: maiti 3,354 kati ya Oktoba 1863 na Machi 1864, kwa mkataba wa dola 1.59 kwa kila maiti. Biggs amezikwa Lincoln Cemetery, mjini humohumo. Mtu anayejua kuhusu wafu wa uwanja huu kuliko msimulizi yeyote ni yeye, na kaburi lake halimo kwenye orodha za mizuka. Liweke kwenye safari yako, mchana.

Ukikuta mfupa

Hutokea. Mwaka 1996 mgeni aliona mabaki ya binadamu karibu na mkato wa reli wa siku ya kwanza ya vita, na mwaka uliofuata yalizikwa kwenye makaburi ya taifa. Usiguse, usifukue, usichapishe mahali pake mtandaoni, maana wachimbaji watafika kabla ya walinzi. Soma nambari za GPS kwenye simu yako, piga picha moja ukiwa mbali kidogo pamoja na kitu cha kupimia ukubwa, kisha wapigie walinzi wa hifadhi ukiwa bado hapohapo.